Mtoto Akirudi Kutoka Masomoni: Kazi Yetu ya Jioni

Somo kwa jamaa zote za waaminifu

Tusome kwanza: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, Luka 2:46-47, Yohana 9:1-3, Waefeso 6:4, 2 Timoteo 1:5 na 3:14-15.



 Somo hili tunalitoa kwa kila nyumba iliyo na mtoto wa masomo ya msingi, tangu mwaka wa kwanza hata mwaka wa sita. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika vikao vya jamaa, na anayejua kusoma amsomee asiyejua, kwa sababu yule asiyejua ndiye tuliyemfikiri zaidi tulipoandika.

I. SABABU YA SOMO HILI

Kila mwaka, mwanzo wa mwezi wa saba, shule zinatoa buletini za watoto. Siku ya Mungu inayofuata, sisi mashemasi tunaona mambo mawili kanisani. Kuna mzazi anayekuja na sadaka ya shukrani, mtoto wake mbele yake, nguo zake za shule, bulu na nyeupe, zimepigwa pasi. Na kuna mzazi mwingine anayengoja watu watoke, kisha anatukaribia na kusema kwa sauti ya chini: "Shemasi, mtoto huyu ameanguka tena. Mumwangalie vizuri, pengine kuna kitu ndani yake."

Mtoto amesimama palepale, anasikia. Ana miaka minane au kenda.

Tunapomwuliza mzazi huyo, "Mtoto alikuwa anasoma saa ngapi nyumbani? Kaye zake uliziangalia lini?", mara nyingi hatupati jibu. Anajua saa ya maombi, anajua siku za kufunga, lakini hajui mtoto wake amefika wapi katika kusoma. Hatusemi hivi kwa kumhukumu, maana sisi wenyewe tulikuwa kama yeye, na tutaeleza.

II. TUNAUNGAMA WENYEWE

Nyumbani kwetu hapa Lubumbashi tulikuwa na mtoto wa kiume katika mwaka wa tatu. Kaye zake zilikuwa safi. Jioni tukimwambia asome, alifungua kitabu na kusoma mbiombio pasipo kusimama. Sisi tulikuwa tumevaa tayari kwenda kwenye maombi ya usiku. Tulimsikiliza tukiwa mlangoni, tukasema, "Vizuri, Mungu akubariki," tukaenda. Buletini ilipokuja tulitia sahihi pahali pa mzazi, pasipo kuangalia kilichoandikwa juu ya sahihi hiyo. Tulimaliza masomo ya sekondari, kusoma buletini hakukutushinda. Wakati ndio tulioukataa.

Mwisho wa trimestri ya pili mwalimu alituita. Hakusema maneno mengi. Alimpa mtoto kitabu kilekile cha nyumbani na kumwambia asome. Akasoma mbiombio kama kawaida yake. Kisha mwalimu akafunika ukurasa kwa mkono, akaacha neno moja tu la katikati, akamwuliza, "Hili ni neno gani?" Mtoto akanyamaza. Mwalimu akaonyesha lingine. Akanyamaza tena. Hapo tukaelewa. Mtoto hakuwa anasoma. Alikuwa amewasikia wenzake wakisoma kwa sauti moja darasani, akashika yote kichwani kama mtu anavyoshika wimbo. Macho yake yalikuwa juu ya kitabu, lakini hayakutambua hata neno moja.

Tulirudi nyumbani na hasira, tukavua mkanda. Kambo yake, ndiye mama yetu mzee asiyejua herufi hata moja, akasimama kati yetu na mtoto. Akasema: "Siku zote hizi mulimusikia, lakini hamukumusikiliza. Sasa munataka kumupiga juu ya masikio yenu?" Tulirudisha mkanda kiunoni. Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, na sisi tulikuwa tumesoma maneno hayo mara nyingi mbele ya kanisa. Siku ile ndipo yalipotufikia.

Mwaka ule mtoto alirudilia darasa. Tulilia, hatufichi. Lakini kambo alianza naye kazi ya kila jioni, na sisi tukajifunza kwa kambo. Mwaka uliofuata mtoto alisoma mbele yetu ukurasa ambao hakuwahi kuuona, polepole, akikwama na kuendelea, na kusoma kule kwa kukwama kulitufurahisha kuliko mbio zote za zamani.

III. KILE SHERIA INATUPA NA KILE INATUACHIA

Katiba ya inchi yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni bila malipo katika shule za serikali. Kwa miaka mingi neno hilo lilibaki kwenye karatasi, na wazazi walilipa minervali na feza ya kuongezea walimu. Tangu mwezi wa kenda mwaka 2019 serikali ilianza kulitimiza, na watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani waliingia darasani. Ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini tunapashwa kuelewa vizuri. Watoto walipoongezeka, vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa haraka ileile. Pahali pengi watoto wanabanana kwenye benchi moja, na shule nyingine zinagawanya siku, kundi moja asubuhi na lingine baada ya saa sita. Tuhesabu pamoja. Mwalimu aliye na watoto 60, akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa dakika 2 tu, atahitaji dakika 120, yaani saa 2 nzima, na wakati huo wote hakuna lesoni nyingine inayofundishwa. Hata akiwa na uvumilivu wa Musa, hawezi kufanya hivyo kila siku. Zile dakika 2 ambazo mwalimu hana, sisi tunazo nyumbani.

Wengine wanasema: "Masomo ni ya bure, na makanisa yanasimamia shule, basi kazi yetu imekwisha." Ni kweli kwamba tangu masikilizano ya mwaka 1977 makanisa yanasimamia shule nyingi kwa mapatano na serikali. Lakini hakuna kanisa linaloweza kukaa kando ya kila mtoto jioni. Musa naye hakuwapa makuhani peke yao kazi ya kufundisha. Aliwaagiza wazazi waseme na watoto wao wakikaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Nyumba ilipewa sehemu yake tangu zamani.

IV. MZAZI ASIYEJUA KUSOMA AFANYE NINI?

Akina mama wengi wanatuambia: "Mimi sikusoma. Devuari ni ya Kifaransa. Nitamsaidia nini?" Tunawajibu kwa mambo matano ambayo hayaombi herufi hata moja. Mengine tuliyaona kwa kambo, mengine kwa walimu walio kati yetu.

1. Saa na pahali. Mtoto awe na saa yake ya devuari, ileile kila siku, na pahali pake, hata kama ni kibao juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ikiwezekana iwe kabla ya giza, maana umeme unakatika mara nyingi na mushumaa unachosha macho. Kwa mtoto wa mwaka wa kwanza na wa pili, dakika 15 zinatosha. Kwa wa tano na wa sita, nusu saa au zaidi kidogo. Kidogo cha kila siku kinashinda kingi cha siku moja. Mtoto anayekaa usiku kucha kabla ya mtihani anafanana na mtu anayemwagia bustani bido kumi siku moja, kisha anaiacha mwezi mzima. Na wakati wa devuari telefone zinawekwa mbali, ya mtoto na ya mzazi vilevile.

2. Kidole. Mtoto akisoma, tumwache amalize mstari. Kisha tutie kidole juu ya neno moja la katikati na kumwuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Tutie kidole pahali pengine, tena pengine, pasipo kufuata utaratibu. Tukumbuke neno moja au mawili. Kesho yake tutie kidole palepale na kuuliza tena. Anayesoma kweli atatoa jibu lilelile. Anayebahatisha atabadilisha jibu. Hivyo ndivyo kambo asiyejua herufi alivyomjua mjukuu wake kuliko sisi wenye diploma. Jambo hili lisifanywe kwa kumtega mtoto au kumwaibisha. Akishindwa, tumwambie aende kuuliza mwalimu au dada yake, kisha arudi kutuonyesha.

3. Kueleza. Tumwulize: "Leo mwalimu alifundisha nini? Unieleze kwa Kiswahili, kusudi nami nijue." Mtoto anayeweza kumweleza mama yake kwa nini mvua inanyesha, au namna mbegu inavyoota, amekwisha kuelewa. Anayeweza tu kutaja maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa kwenye tablo, pengine bado. Na yeye akituuliza jambo tusilolijua, tusimfokee. Bwana Yesu alipokuwa na miaka 12 alipatikana hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maulizo, wala hatusomi kwamba kuna mtu aliyemnyamazisha.

4. Kaye iliyofungwa. Watoto wengi wanasoma lesoni mara tano kaye ikiwa wazi, wanafikiri wameishika, kwa sababu macho yamezoea ukurasa. Tumwambie asome mara moja au mbili, afunge kaye, aseme kile anachokumbuka, kisha afungue na kuangalia alichosahau. Ni kazi ngumu kuliko kusoma tu, na mtoto atanung'unika, lakini neno ambalo kichwa kimelitafuta chenyewe linakaa zaidi. Baada ya siku mbili tatu tuulize lesoni ileile tena.

5. Biki nyekundu. Mwalimu anasahihisha kwa biki nyekundu. Hata asiyejua kusoma anaiona rangi. Tufungue kaye, tutie kidole penye alama nyekundu na kuuliza: "Hapa ulikosa nini? Ilipaswa kuwa namna gani? Uifanye tena." Wazazi wengi wanahesabu pointi, lakini kosa lenyewe linabaki. Kosa lisilorudiliwa nyumbani litakuja tena siku ya mtihani.

Haya yote hayalipiwi feza. Timoteo alipokea imani ya kwanza kwa kambo yake Loisi na kwa mama yake Eunike, na tangu utoto wake aliyajua Maandiko. Paulo hakuona haya kutaja majina ya wanawake wale wawili. Kambo zetu wasijihesabu kuwa watu wa jikoni tu.

V. MZAZI ANAYEJUA KUSOMA KISWAHILI

Kuna waaminifu wanaosema kwamba hawakusoma, lakini siku ya Mungu tunawaona wanafungua Biblia ya Kiswahili na kitabu cha nyimbo pasipo shida. Hao ni walimu wa kutosha kwa mwaka wa kwanza na wa pili.

Sababu yake ni hii. Katika Kiswahili kila herufi inashika sauti yake. "Ba" ni "ba" pahali pote, katika baba, baraka na kitabu. Mtoto akishika silabi, anaweza kusoma neno ambalo hajaliona. Kifaransa hakiko hivyo. Neno "eau", yaani maji, lina herufi tatu na sauti moja tu, "o". Neno "temps", yaani wakati, lina herufi tano, na mbili za mwisho hazisikiki. Mtoto anayeanza kusoma kwa Kifaransa, ambacho hakisikii nyumbani, anabeba mizigo miwili kwa mara moja, kusoma na lugha ngeni. Anayejua kusoma kwa Kiswahili amekwisha kutua mzigo mmoja.

Kwa hiyo tusidharau Kiswahili, tukifikiri kwamba kinamchelewesha mtoto. Ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 nayo imetambua lugha za taifa na lugha za pahali kuwa lugha za kufundishia, pamoja na Kifaransa. Kila jioni, baada ya maombi ya nyumba, mtoto asome mistari miwili mitatu kwa Kiswahili, akitia kidole chini ya kila neno. Akisoma silabi moja moja, tumpe nafasi, kisha arudilie mstari mzima mpaka uende kama maneno ya kinywa. Mtoto anayekokota silabi anasahau mwanzo wa mstari kabla ya kufika mwisho. Hakosi akili. Amekosa mazoezi tu, na mazoezi yanapatikana nyumbani.

VI. HESABU ZIKO MKONONI MWETU

Mama anayeuza nyanya au makala sokoni anafanya hesabu kuliko mtu wa ofisi. Lakini mtoto wake aliye kando anakaa tu kimya. Tumwingize kazini kwa dakika chache, pasipo kumpotezea shule. Fungu moja la nyanya ni franka 500. Mtu amechukua mafungu 3, ametoa franka 2 000. Tumrudishie ngapi? Mtoto atasema 500, nasi tumwulize ameijuaje. Tukichota maji, bido moja ni litre 20. Bido 4 ni litre ngapi? Kijerikani cha litre 5 kitajaza bido moja mara ngapi? Hizo ndizo hesabu za vipimo anazopewa shuleni, na huko zinamtisha kwa sababu hajui kwamba anazifahamu.

Juu ya kuzidisha, tunawapa wazazi njia ya mbegu za mahindi. Mtoto anakwama kwenye 7 mara 8. Apange mbegu safu 7, kila safu mbegu 8. Kisha tumwambie atie kijiti chini ya safu ya tano. Juu ya kijiti kuna 5 mara 8, ambazo ni 40. Chini kuna 2 mara 8, ambazo ni 16. Azijumlishe, atapata 56. Ageuze mkeka na kuziangalia kwa upande mwingine, ataona safu 8 za mbegu 7, na jumla haikubadilika. Hivyo anajua kwamba akishika 7 mara 8 ameshika pia 8 mara 7, na kazi ya kushika mezani zote inapungua karibu nusu. Baada ya kuona kwa macho, ndipo akariri. Akikariri kabla ya kuona, akisahau hana pa kurudia.

VII. MABINTI WETU, NA SISI KANISANI

Sasa tuseme jambo ambalo linachoma.

Katika nyumba nyingi zetu, mtoto mwanamume na binti wanarudi kutoka shule pamoja. Mwanamume anaambiwa, "Kaa usome." Binti anaambiwa, "Kamata bido, maji yamekwisha," kisha kalembula ya kuchambua, kisha mtoto mdogo wa kubeba mgongoni, kisha masahani. Anapofungua kaye ni usiku, na macho yanafunga. Mwisho wa mwaka tunasema kwamba binti hana akili ya masomo. Tuangalie vizuri, akili alikuwa nayo, tulichomnyima ni saa. Kifungu cha 43 hakikutofautisha mvulana na msichana. Kazi za nyumba zigawanywe, kijana naye achote maji na kuosha masahani, kusudi dada yake apate saa ileile.

Na sisi viongozi wa kanisa tuna sehemu yetu. Mazoezi ya kwaya ya watoto tuliyaweka siku za kazi, jioni, saa ileile ya devuari. Tuliwaacha watoto wa miaka saba walale kwenye benchi katika makesha mpaka asubuhi, na siku iliyofuata wakasinzia mbele ya mwalimu. Mtoto wa umri ule anahitaji usingizi wa saa 9 au 10, maana usingizini kichwa kinapanga kile kilichofundishwa mchana. Tunaomba viongozi wa kila kwaya wahamishe mazoezi ya watoto siku ya posho. Na kesha likiangukia usiku wa masomo, watoto wa msingi walale nyumbani. Mungu hatawaulizia. Mbele yake, kazi ya mtoto wakati huu ni kukua na kujifunza.

VIII. MTOTO ANAYEANGUKA SI MCHAWI

Tumeacha neno hili mwisho kwa kuwa ni zito zaidi. Sisi ni kanisa linaloamini unabii na maombezi, wala hatuoni haya juu ya hilo. Lakini imekuwa desturi katika mji wetu, hata kati ya watu wanaosali, kwamba mtoto akianguka mara mbili anatafutiwa uchawi. Anaonyeshwa kidole, ananyimwa chakula, anafukuzwa, na tunamkuta sokoni usiku kati ya watoto wa njiani. Wandugu, hili ni jambo la kutisha mbele ya Mungu. Ni kosa pia mbele ya sheria, kwa maana kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza waziwazi kumshitaki mtoto uchawi.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitafuta nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa maulizo yao. Basi nasi, kabla ya kusema neno lolote, tuangalie mambo haya:

- Macho. Je, mtoto anakaza macho kuangalia tablo, au anainama sana juu ya kaye? Tumwombe mwalimu amkalishe mbele, na tumpeleke apimwe.
- Masikio. Je, ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka? Masikio yanayotoa usaha yanazuia kusikia, na yana dawa.
- Tumbo. Je, alikula kitu kabla ya kwenda? Hata bukari ya jana iliyopashwa moto, au uji, inamsaidia asilale darasani. Minyoo nayo inamaliza damu yake.
- Malaria. Homa inayorudi kila mara inamfanya akose siku nyingi, na lesoni aliyoikosa inavuta inayofuata.
- Woga. Je, anaogopa mtu, shuleni au nyumbani? Anayepigwa kila akikosa anajifunza kuficha kosa, kama mtoto wetu alivyojificha nyuma ya kukariri.
- Msingi. Pengine alipandishwa darasa pasipo kujua kusoma. Huyo arudishwe kwenye silabi, hata akiwa mwaka wa nne. Si haya.

Tumwone mwalimu mapema, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, tusingoje mwezi wa saba. Buletini ya msingi ina trimestri tatu, na kila trimestri ina periodi mbili kabla ya mtihani. Maana yake tunapewa ishara mara nyingi kabla ya mwisho. Tuangalie si pointi tu, bali pia mwenendo wake na bidii yake, maana hayo nayo yanaandikwa. Anayekwenda kwa mwalimu aende na heshima, si na hasira.

Na watoto wa mwaka wa sita, wanaokaribia mtihani wa taifa wa ENAFEP, ule ambao wengi wetu tunauita bado TENAFEP, wanaletewa kanisani na biki zao ziombewe. Tutaziombea, tena kwa furaha. Lakini biki haiandiki yale ambayo kichwa hakikupokea. Sala ya mzazi aliyekaa na mtoto wake mwaka mzima ina mikono na miguu. Ile ya mzazi aliyemkumbuka mtoto siku ya mtihani tu, tunaiombea huruma.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Kila mtoto wetu ana saa gani ya devuari? Je, binti na kijana wana saa sawa?
2. Mara ya mwisho tulifungua kaye ya mtoto lini, na tuliona alama nyekundu ngapi?
3. Mwalimu wake anaitwa nani? Tulisema naye lini?
4. Je, tulikwisha kumwambia mtoto neno la uchawi au la ujinga, ambalo tunapashwa kumwomba msamaha?
5. Katika jamaa yetu, ni nani asiyejua herufi anayeweza kuanza jioni ya leo kazi ya kidole?

Wapendwa, hatuwaombi kitu kikubwa. Juma hili, kila nyumba imwite kila mtoto wa msingi, mmoja mmoja, na kumsikiliza asome kwa dakika 2, kidole juu ya neno la katikati. Atakayekwama asipigwe wala asichekwe. Tuandike jina lake na lile lililomkwamisha, tulilete kwa mashemasi siku ya Mungu ijayo. Kuna walimu kati ya waaminifu ambao wamekubali kukaa na watoto hao siku ya posho asubuhi, pasipo malipo, chini ya mwembe wa kanisa. Kila mtoto alete kaye, biki na kitu cha kukalia.

Mungu aliyewapa watoto hao masikio na macho atusaidie sisi wakubwa kuyatumia yetu. Amina.